Ufa wa Tao la Tatu

Ufa ulikuwa mfupi kuliko kidole. Mwanamke mmoja, fundi mpaka rangi wa daraja, aliuona Jumatatu asubuhi, akiwa amening'inia kwa mkanda wa usalama chini ya tao la tatu, baada ya kukwangua kutu iliyokuwa imeota juu ya boriti ya chuma kama ukurutu. Kwanza alidhani ni unywele. Aliupuliza, haukuondoka. Aliupitishia ukucha, ukucha ukanasa.

Juu yake treni ya saa mbili ilipita, imesheheni watu wa kwenda kazini. Daraja zima lilitetemeka na vumbi la kutu likamwingia machoni, lakini hakupepesa. Aliuona ule mstari ukifumbuka kidogo. Behewa la mwisho lilipopita, ukajifumba.

Alimwita msimamizi wake, mwanamume mfupi ambaye kazini walimwita Chapuchapu, maana neno hilo ndilo lililokuwa salamu yake, amri yake na kwaheri yake. Chapuchapu alikuja juu ya njia ya mbao ya mafundi, akainama nusu, mkono mmoja ameshika helmeti isimdondoke mtoni.

"Hiyo ni alama ya kikwangulio chako."

"Imefumbuka treni ilipopita. Nimeiona kwa macho yangu."

"Macho yako yamejaa kutu, Fundi. Hata mimi hapa bila shaka unaniona niko wawili." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Sikiliza. Jumamosi Mbavu zinatimiza miaka mia. Wageni wanakuja, bendi inakuja, treni ya mvuke inapita hapa na nusu ya jiji ndani yake. Tao hili lilitakiwa liwe limeshapakwa tangu wiki iliyopita. Paka."

"Si tumwite mhandisi aangalie tu?"

"Mhandisi ameshatia sahihi cheti cha usalama. Unataka nikamwambie mpaka rangi hakubaliani naye? Paka, mama. Chapuchapu."

Daraja hilo watu waliliita Mbavu kwa sababu ya matao yake matano ya chuma, ambayo ukiyatazama kutoka ng'ambo yalifanana na mbavu za mnyama mkubwa aliyelala kuvuka mto. Picha yake ilikuwa kwenye nembo ya jiji, kwenye majalada ya madaftari ya shule na kwenye pakiti za viberiti. Watu walipelekana hapo kupigwa picha siku ya harusi. Kila treni ya kutoka upande wa viwandani kwenda mjini ilipita juu yake, na mume wa mpaka rangi alikuwa dereva wa treni hizo.

Alining'inia na burashi mkononi muda ambao ungetosha kupaka boriti mbili. Chapuchapu alikuwa ameshaondoka, akipiga makofi kuwaharakisha wengine. Akachovya burashi. Akapaka rangi ya msingi, ikakauka. Akapaka ya kijivu juu yake. Ufa ukapotea kabisa, boriti ikang'aa kama mpya. Jioni, kwenye daftari la kazi, aliandika kama alivyoandika kila siku kwa miaka tisa: *Tao la tatu. Limekwanguliwa, limetazamwa, limepakwa. Hakuna kasoro.* Akatia sahihi.

*

Alifika nyumbani akakuta kicheko. Mume wake alikuwa amesimama katikati ya sebule, bado na sare yake, na mama mkwe amekaa kwenye kochi anajifuta machozi ya furaha kwa ncha ya kanga.

"Mkwe wangu, njoo umwone mume wako!" mama mkwe alisema. "Wamemchagua! Treni ya Jumamosi anaendesha yeye!"

Kwenye reli walimwita Breki, na si kwa matani. Alikuwa akiisimamisha treni taratibu kiasi kwamba aliyelala hakuamka na aliyesimama hakuyumba. Kati ya madereva wote waliobaki kazini, wawili tu ndio waliojua kuendesha kichwa cha treni ya mvuke, na yeye alikuwa mmoja wao.

"Mwenzangu amewekwa akiba," alisema, akijaribu kuficha tabasamu na kushindwa. "Mabehewa kumi. Na familia za wafanyakazi zimepewa nafasi. Mama atakaa behewa la kwanza, dirishani."

"Nimeshawaambia wanawake wote wa mtaa," mama mkwe alisema. "Asiyejua ni yule aliyehama jana."

"Mbona kimya?" mume alimuuliza mke wake. "Hufurahi?"

"Nafurahi. Nimechoka tu. Rangi imenipanda kichwani."

Alikwenda jikoni akafungua bomba, akanawa mikono hadi maji yakaanza kuwa baridi. *Ni alama ya kikwangulio*, alijiambia. *Chapuchapu ana miaka ishirini pale. Mhandisi amesoma. Mimi nimesomea wapi?*

Kesho yake alipangiwa tao la tano, mbali. Alijua ratiba ya mume wake kama anavyojua ngazi za nyumba yake: saa tatu kwenda, saa nne kurudi, saa saba, saa nane. Kila treni hizo zilipokaribia, aligeukia upande wa pili akasugua chuma kilichokwisha kuwa safi.

Jumatano hakuweza. Saa ya mapumziko, wenzake walipokaa kivulini na vikombe vyao, alitembea juu ya njia ya mbao hadi tao la tatu. Rangi ya kijivu ilikuwa imepasuka. Mstari mwembamba wa kahawia ulikuwa unavuja katikati yake, na haukuwa tena mfupi kuliko kidole. Aliweka kidole chake cha kati pembeni yake. Ufa ulikipita kwa kiungo kizima na ulikuwa umeanza kuinama kuelekea kwenye ribiti ya kwanza, msumari mnene wa kuunganisha vyuma.

*

Alhamisi aliomba ruhusa ya kwenda kliniki, akaenda ofisini kwa mhandisi. Karani wa mlangoni alimtazama viatu, akatoa gazeti kwenye droo na kulitandika sakafuni.

"Simama hapo, mama. Wamepiga deki sasa hivi."

Alisimama juu ya gazeti saa nzima na dakika ishirini. Watu waliingia na kutoka. Mmoja alimpisha kama mtu anayekwepa ndoo. Aliposogeza mguu, karani alikohoa.

Mhandisi mwenyewe hakuwa mtu wa dharau. Alimwita ndani, akamvutia kiti, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Ukutani kwake kulikuwa na mchoro wa zamani wa Mbavu, kila ribiti imechorwa kwa mkono.

"Umeutazama ukiwa umekaribia kiasi gani?" aliuliza.

"Pua yangu iligusa chuma, mzee."

"Na ni nani aliyepaka juu yake?"

Hakulitegemea swali hilo. "Mimi."

"Na kwenye daftari uliandika nini?"

 Mhandisi alifungua jalada la nakala za daftari, akasoma mwenyewe, akalifunga polepole.

"Unaona tunapofikia? Aidha hakuna ufa, na wewe umeniletea maneno. Au ufa upo, na wewe ndiye uliyeuficha na kutia sahihi. Nikiandika ripoti leo, jina la kwanza ndani yake ni lako." Aliinuka akaenda dirishani. "Nimelipigania daraja hili miaka kumi na mmoja. Kuna watu wanangoja neno moja tu, neno 'ufa', walivunje, wauze chuma kwa kilo, wajenge la zege. Kesho yake mji huu hautakuwa na kitu cha kuwaonyesha wajukuu wake. Chuma cha zamani kina mikwaruzo, mama. Kinapumua. Jumamosi ikipita, wiki ijayo nitashuka mwenyewe na taa. Nakuahidi."

"Jumamosi kichwa cha mvuke kina uzito gani, mzee?"

Mhandisi aliutazama mchoro ukutani. "Mbavu zilijengwa kwa ajili ya vichwa kama hicho," alisema.

"Zilipokuwa mpya."

"Rudi kazini," mhandisi alisema, na sauti yake haikuwa tena na kiti cha wageni ndani yake.

*

Alimwambia mume wake jioni hiyo, kabla mtu yeyote hajakaa mezani. Alimfuata chumbani, akafunga mlango, akasema yote kwa mkupuo mmoja: ufa, Chapuchapu, rangi, daftari, gazeti la karani, mhandisi. Breki alikuwa anapiga pasi suruali ya Jumamosi. Aliweka pasi wima.

"Jumatatu?" aliuliza.

"Jumatatu asubuhi."

"Leo Alhamisi."

"Najua."

"Nimepita pale juu mara nne kwa siku." Alihesabu kwa vidole, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Jumatatu. Jumanne. Jana. Leo. Siku nne. Na asubuhi tatu umenimiminia chai, ukaniambia safari njema, unajua."

"Sikujua. Nilidhani. Waliniambia ni mkwaruzo, na mimi ni nani wa..."

"Kama ulidhani ni mkwaruzo, kwa nini kule kazini hukunitazama nikipita? Jumanne nilikupigia honi pale tao la tano. Ulinipa mgongo. Nikasema labda hajasikia."

 Mlango ulifunguliwa bila kubishwa hodi; mama mkwe alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Nyumba yenyewe kuta zake zilikuwa nyembamba, na mwanamke huyo masikio yake hayakuwahi kulalamikiwa na mtu.

"Ufa gani huo unaotokea wiki ile ile mwanangu anapopewa heshima?" aliuliza. "Miaka mia haukuonekana. Ukangoja wewe."

"Mama, niliuona kwa—"

"Mimi nasema hivi. Kuna watu hawawezi kuona mwenzao amepanda, hata akiwa mume wao. Na sasa nikawaambie nini watu? Kwamba treni haiendi kwa sababu mkwe wangu ameota?"

"Mama, tuache," Breki alisema.

"Siwaachi! Sare yako nimeifua mwenyewe!"

"Mama. Tafadhali."

Mama mkwe alitoka. Mume na mke walibaki wamesimama pande mbili za meza ya pasi, na pasi ikitoa harufu ya kitambaa kilichoanza kuungua.

"Kesho alfajiri utanipeleka nikaone," Breki alisema. "Na kama hakuna kitu, sijui tutaongea lugha gani mimi na wewe."

*

Dereva huyo wa treni alikuwa na siri moja: aliogopa mahali pa juu. Ndani ya treni hakuona chini, kwa hiyo haikumsumbua. Ijumaa, kulipopambazuka tu, alishuka ngazi ya chuma nyuma ya mke wake, akishika kila kilichoshikika. Chini yao mto ulikuwa wa rangi ya kahawa. Walipofika tao la tatu alikuwa amelowa jasho kana kwamba amenyeshewa.

Hakuuliza ufa uko wapi. Ulikuwa umeifikia ribiti ya kwanza na kuipita.

"Ngoja treni," mke wake alisema.

Treni ya kwanza ya siku ilikuja, tupu bado, nyepesi. Breki aliona ufa ukifunguka kiasi cha kupitisha ukucha, ukatulia, ukajifunga. Kibanzi cha rangi ya kijivu kilibanduka kikaanguka majini.  Aliweka kiganja chake juu ya chuma na kukiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Saa moja baadaye alikuwa mbele ya mkuu wa usafiri. Alipewa dakika tatu. Mkuu alimwonyesha cheti cha usalama, kikiwa na mhuri, akamuuliza kama siku hizi madereva nao wamekuwa wahandisi.

"Kama hujisikii vizuri sema," mkuu alisema bila ukali. "Si aibu. Mwenzako wa akiba ameshapimwa sare."

Breki aliitazama saa ya ukutani. Kama angekataa, treni ingekwenda vilevile, na mama yake dirishani, na mikono mingine kwenye breki.

"Niko salama, mzee," alisema. "Nitaendesha mwenyewe."

Alipotoka alipitia chumba cha madereva. Hakuhutubia. Alimnong'oneza mmoja, na huyo mmoja akamnong'oneza mwingine. Siku hiyo nzima, treni zote zilivuka Mbavu kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Mkuu wa usafiri alipopiga simu kuuliza, dereva mmoja alisema kuna mbuzi njiani, wa pili akasema ukungu, na wa tatu, ambaye hakuwa fundi wa uongo, akasema naye pia ameona mbuzi, ila wake alikuwa mweupe.

*

Jumamosi bendi ilianza kupiga saa tatu. Kichwa cha mvuke kilikuwa kimesuguliwa hadi watu wakajitazama ndani yake. Mama mkwe alipanda behewa la kwanza akiwa na nguo mpya, akakaa dirishani, akakataa kumtazama mkwe wake usoni. Mkwe wake hakupanda. Alivaa kizibao chake cha kazini, akabeba ndoo, akampita askari wa getini akimwambia kuna sehemu moja ya rangi imetokota na Chapuchapu ameagiza irekebishwe. Kwa jina la Chapuchapu askari aliharakisha hata kumfungulia.

Alifika tao la tatu, akajifunga mkanda. Ndani ya ndoo kulikuwa na thina ya kuyeyusha rangi, matambara na burashi ya waya. Alianza kubandua.

Treni ilitoka stesheni ikipiga king'ora, watoto wakikimbia pembeni ya uzio, moshi ukipanda. Mgeni wa heshima alikuwa amesimama kwenye jukwaa karibu na daraja na utepe mkononi. Treni ilitakiwa ipite mbele ya jukwaa, ipande daraja, na katikati ya daraja ipige king'ora mara mia.

Ilisimama. Ilisimama taratibu sana, magurudumu ya mbele yakiwa hatua chache kabla ya chuma cha kwanza cha daraja, na watu wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Wakapiga makofi. Bendi ikarudia wimbo kutoka mwanzo. Breki alishuka kwenye kichwa cha treni, akavuka kokoto kwa viatu vyake vilivyong'arishwa, akaenda moja kwa moja hadi jukwaani. Mkuu wa usafiri alimwahi.

"Unafanya nini? Rudi juu! Rudi juu, bwana!"

"Nitarudi, mzee. Nitapita. Nina ombi moja tu." Hakupaza sauti, lakini bendi ilikuwa imenyamaza na kila aliyekuwa mstari wa mbele alisikia. "Mhandisi ashuke asimame chini ya tao la tatu. Pale pale alipo mke wangu sasa. Akishasimama, mimi nitapita juu yake."

Mtu mmoja alicheka. Wengine hawakucheka. Mgeni wa heshima aliangalia saa yake, kisha akamwangalia mhandisi. Chapuchapu, aliyekuwa nyuma ya jukwaa na tai ya kuazima, alianza kusema kwamba huyo mwanamke ana historia ya matatizo, kwamba ameondoka kazini Alhamisi bila sababu, askari wawili wakamtoe. Askari walishaanza kwenda.

"Ngojeni," mhandisi alisema. "Nitashuka."

Alishuka na suti yake, helmeti kichwani. Kutoka ukingoni watu walimwona akitembea juu ya njia ya mbao, mdogo kama sisimizi kwenye ubavu wa ng'ombe, hadi alipofika kwa yule mwanamke aliyening'inia. Mpaka rangi alisogea pembeni. Boriti ilikuwa uchi, nyeusi, imelowa thina, na ufa ulikuwa umelala juu yake waziwazi, mrefu kama mkono hadi kiwiko. Ribiti mbili zilikuwa zimekatika vichwa.

Mhandisi aliingiza kadi ya mwaliko, ile yenye picha ya Mbavu kwa rangi ya dhahabu, ndani ya ufa. Iliingia yote. Alivua helmeti, akasimama na kichwa wazi huku upepo ukimpeperusha nywele chache alizobakiwa nazo.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. "Sikuwahi kushuka hapa. Nilikuwa na mchoro."

 Mikono ya mpaka rangi ilikuwa inamwasha kwa thina na alikuwa anatazama juu, mahali ambapo behewa la kwanza lingekuwa limefika.

Mhandisi alipanda ngazi akipumua kwa shida. Alimpita Chapuchapu, akampita mkuu wa usafiri, akasimama mbele ya Breki.

"Rudisha treni nyuma," alisema. "Taratibu."

"Mimi huwa sina namna nyingine, mzee," Breki alijibu.

*

Hakuna aliyewapa nishani. Mbavu zilifungwa siku hiyo hiyo, na maelfu ya watu wa upande wa viwandani wakaanza kuamka saa tisa usiku ili wazunguke kwa miguu na mabasi. Breki alisimamishwa kazi mwezi mmoja kwa kusimamisha treni bila idhini. Kwenye kikao cha uchunguzi, Chapuchapu aliapa kwamba hakuwahi kuambiwa lolote, na daftari lilikuwa upande wake. Mhandisi alieleza kwamba mpaka rangi alimfuata Alhamisi na kwamba yeye ndiye aliyemrudisha. Baada ya kusema hivyo alivuliwa cheo. Kisha mwenyekiti akamgeukia mpaka rangi.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliandika hakuna kasoro, na wewe umeiona?"

"Ndiyo."

"Una la kuongeza?"

Angeweza kusema aliagizwa. Alikuwa ameshalisema mara tatu na limeandikwa. "Nilipaka kwa mkono wangu," alisema. Akafukuzwa kazi.

Dukani watu walimpisha kwenye foleni, si kwa heshima. Mwanamke mmoja, jirani wa ghorofa ya chini, alisema kwa sauti ya kutosha kwamba kuna watu wakikosa usingizi wao wanataka mji mzima ukeshe nao. Mpaka rangi aliinamisha kichwa. Nyuma yake, mama mkwe, ambaye tangu ile Jumamosi alikuwa hamsemeshi zaidi ya chumvi iko wapi, aliweka kikapu chini.

"Mimi nilikuwa behewa la kwanza," alimwambia jirani. "Dirishani. Wewe ulikuwa la ngapi?"

Jirani alikuwa la nne. Alilipa akaondoka bila kungoja chenji.

Lakini nyumbani Breki alilala kochini. Hakugombana. Alimsalimia mke wake, alimpa pole alipofukuzwa, alimpikia alipougua. Usiku ulipofika alichukua shuka lake akaenda sebuleni, na mke wake alisikia kochi likilia chini ya uzito wake. Mwezi ukaisha, akarudi kazini kwenye njia nyingine. Miezi mitano ikapita hivyo.

Chuma kipya kikaletwa, kikaingizwa ndani ya kile cha zamani. Waliotaka Mbavu zivunjwe walishindwa; ilionekana boriti kumi na nne tu ndizo zilizochoka, na nyingine zote zingeweza kuishi kuliko wajukuu. Ikatangazwa siku ya jaribio: treni iliyojazwa mawe, nzito kuliko treni yoyote ya abiria, itasimama juu ya kila tao dakika kumi huku wapimaji wakiwa chini.

"Twende tukaone," mama mkwe alisema asubuhi hiyo.

"Mimi sitaki kuona lile daraja tena."

"Twende, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu ile jioni ya mwiko mlangoni.

Walisimama kwenye uzio pamoja na mamia ya watu. Treni ya mawe ilitokea kwenye kona, mabehewa yamejaa hadi midomoni, ikakanyaga tao la kwanza. Dakika kumi. La pili. Dakika kumi. Ilipoingia tao la tatu ikapunguza mwendo taratibu, taratibu mno, ikasimama bila mtikisiko hata mmoja, na hapo mpaka rangi akaijua ile mikono.

"Ni yeye," alisema.  "Mama, ni yeye anayeendesha. Aliniambia yuko njia ya kaskazini."

Mama mkwe alikuwa ameshamshika kifundo cha mkono. "Najua," alisema. "Aliomba mwenyewe. Tazama."

Alitaka kugeuza uso. Mwili wote ulitaka kugeuka, kama ile Jumanne kwenye tao la tano, lakini mkono wa mama mkwe haukulegea. Chuma kilitoa mlio mrefu, wa chini, na watu uzioni wakabana pumzi. Kwenye dirisha la treni alimwona mume wake amekaa, ameangalia mbele, mtu mwenye kuogopa mahali pa juu, na chini yake boriti ile. Dakika kumi hizo alizitazama zote. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Wapimaji walipopunga bendera ya kijani na treni ikasogea, alikaa chini kwenye vumbi kati ya miguu ya watu.

Breki alirudi nyumbani saa kumi na moja. Mke wake alikuwa ameketi chumbani, bado na vumbi kwenye sketi. Mume alisimama mlangoni.

"Kwa nini hukuniambia?" mke aliuliza.

"Siku zile nne nilipita ukiwa umegeuza shingo," alisema. "Leo nilitaka utazame."

"Nimetazama."

"Hadi mwisho?"

"Hadi mwisho."

Alimtazama usoni kwa muda, kama anayesoma alama za njia kabla ya kuondoa breki. Kisha akaenda sebuleni, akakunja shuka lake, akarudi nalo chumbani.